Afande akiomba kupekua gari, ni ombi kweli

Kwetu Tanga mkubwa haamrishi. Atakwambia, "Mwanangu, hebu nisogezee kile kigoda," na wewe unajua fika kwamba hujaombwa. Adabu hiyo nilikuja nayo hadi Columbus, Ohio, na usiku mmoja wa Januari ikaniponza.

Nilikuwa natoka zamu ghalani, taa moja ya nyuma imeungua, nikasimamishwa. Nikatoa leseni, kadi ya gari na bima, kama dereva anavyotakiwa. Askari akauliza kwa upole kama anaweza kuchungulia kwenye buti. Nikajibu, "Karibu." Karibu, jamani, kana kwamba namkaribisha chai! Mle ndani mlikuwa na kilo 2 za unga wa muhogo, mfuko hauna hata nembo, nimeununua duka la Waafrika. Mnajua Kiswahili neno "unga" kinalitumia kwa kitu gani kingine. Basi na wao walidhani hicho hicho. Nilisimama kwenye theluji karibu saa nzima nikieleza bada, ugali wa muhogo, inavyosongwa.

Wakili aliyekuja kutusemesha msikitini, bure, ndiye aliyenifungua macho. Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani yanakataza kupekuliwa ovyo. Kwa gari, askari anaweza kupekua bila hati ya jaji, lakini awe na sababu ya msingi ya kuamini kuna kitu cha haramu ndani. Taa iliyoungua peke yake haitoshi. Ila ukikubali mwenyewe kwa hiari, hahitaji sababu tena. Na mwaka 1973, katika kesi ya Schneckloth dhidi ya Bustamonte, Mahakama ya Juu iliamua kwamba askari halazimiki kukuambia kuwa unaweza kukataa. Kwa hiyo usimsubiri akukumbushe.

Tamka, taratibu, mikono ikionekana: "Afande, sikubali upekuzi." Akikuamuru ushuke, shuka, mamlaka hayo anayo tangu kesi ya Mimms ya 1977. Akipekua hata baada ya kumkatalia, usimguse wala usimzuie. Rudia kauli yako, mengine mwachie wakili. Usidanganye pia. Hata kunyamaza, ajabu ya nchi hii, kunatamkwa: mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu aliyekaa karibu saa tatu za mahojiano bila kusema la maana hakuwa ameidai haki ya kunyamaza, kwa kuwa hakusema anaidai.

Sisi wa Ohio tuna mama wa kujifunza kwake. Mwaka 1957 polisi wa Cleveland walibisha kwa Dollree Mapp. Alimpigia wakili wake simu, kisha akawaambia hawaingii bila hati. Saa kadhaa baadaye walirudi wakavunja mlango, wakimpungia karatasi waliyoiita hati. Mahakamani hati yenyewe haikuonekana. Mwishowe wakamshitaki kwa vitabu walivyoviona vichafu. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ilifuta hukumu yake na kusema ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu usitumike katika mahakama za majimbo pia. "Hapana" yake haikuwazuia polisi siku ile, lakini miaka minne baadaye ilimwokoa.

Na wasio raia, msijifiche nyuma ya makaratasi yenu mkadhani hamna lenu. Marekebisho ya 14 yanapotaja ulinzi sawa wa sheria yanasema "mtu". Tangu 1886, kwenye kesi ya dobi Mchina wa San Francisco, jambo hilo limeshaamuliwa.

Kazini ni hadithi nyingine. Mwenzangu aliambiwa na bosi anyamaze, akamtajia uhuru wa kusema. Uhuru huo unaibana serikali, haumbani mwenye kampuni binafsi. Lakini ukibaguliwa kwa rangi, dini au asili yako, shika Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayowahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 na kuendelea. Andika tarehe kila tukio linapotokea, maana muda wa kulalamika kwenye tume ya ajira ni siku 180, na majimbo mengi, Ohio ikiwemo, siku 300.

Mwaka jana nikasimamishwa tena, mwendo kasi, kosa langu. Swali lile lile, upole ule ule. Koo lilinikauka, nikaona kama namvunjia babu heshima. "Hapana afande, sikubali." Akanitazama kidogo, akaniandikia faini, akanitakia usiku mwema. Safari hiyo unga ulikuwa kilo 5.