"Nimechoka" kwa Kijapani: useme nini, na kwa nani

Kwa mnaoanza Kijapani, hasa mnaojiandaa kwenda kusoma au kufanya kazi Japani: uchovu mtahitaji kuutaja mapema, na Kiswahili kimeshawarahisishia njia. Kitenzi ni *tsukareru*, lakini aliyechoka sasa hivi husema *tsukareta*, umbo la jambo lililokwisha kutokea, kama sisi tunavyosema "nimechoka" wala si "ninachoka". Ukisema *tsukareru*, utaeleweka kwamba jambo fulani huchosha au litakuchosha.

Kwa rafiki, *tsukareta* inatosha. Kwa mkubwa, adabu ni *tsukaremashita*, ingawa hata hiyo nawashauri muiweke akiba. Kumtangazia bosi uchovu wako kazi ikiwa bado inaendelea husikika kama malalamiko.

Neno la kulishika kwa mikono miwili ni *otsukaresama desu*. Hii ndiyo "pole na kazi" yao. Jioni mtu anachukua mkoba wake, anainamisha kichwa kidogo, anasema *osaki ni shitsurei shimasu*, yaani samahani, natangulia. Waliobaki wanamjibu *otsukaresama deshita*, wengine bila hata kuinua macho kwenye kompyuta. Hakuna anayeuliza kama umechoka, kwa hiyo usianze kujieleza. Rudisha neno lilelile. Mkipishana koridoni mchana, ni hilohilo. Wenzako wakienda kunywa baada ya kazi, glasi za kwanza hugonganishwa kwa neno hilo pia. Ila jihadharini na *gokurōsama*: hiyo mkubwa humwambia aliye chini yake, na ukimwambia bosi umemkosea heshima.

Ukiwa hoi kabisa, sema *kutakuta* au *hetoheto*. Mimi naipenda *kutakuta*, kwa sababu hutumika pia kwa mboga zilizochemshwa mpaka zikalegea, na mwili wa mtu aliyeshinda kazini ndivyo ulivyo.

Mkifika Osaka mtasikia *shindoi*, yaani nimechoka, kila mahali. Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, hasa kwa wazee, mtu aliyechoka anaweza kusema *kowai*, neno ambalo Tokyo ni la kitu cha kutisha. Usidhani bibi anakuogopa.

Uchovu wa ugonjwa una neno lake. Kwa daktari sema *karada ga darui desu*, naye ataelewa mwili mzito, kama wa mwenye homa. Ukisema *tsukareta* tu, anaweza kudhani umefanya kazi nyingi. Na ule unyonge unaotokana na joto la kiangazi, hamu ya chakula ikapotea, wao huuita *natsubate*.