Mawe ya zamani yamekaaje juu ya mapya?

SWALI: Mhariri shikamoo, eti kule Dehradun, India, chini ya Himalaya, mawe ya zamani yako juu ya mapya? Na machimbo ya chokaa mbona yalifungwa?

JIBU: Marahaba. Ni kweli kabisa, India bado inaisukuma Asia mpaka leo, ardhi ikapasuka na miamba mizee ikapandishwa juu ya mchanga na kokoto za Siwalik, vile vilima vya chini mbele ya Himalaya, zilizoletwa na mito, ndo maana mtu wa kuchora ramani ya miamba lazima apande mlima na nyundo na dira apime kila tabaka limeinamia wapi. Machimbo yalikwangua milima ikabaki vipara, chemchemi zikakauka, 1985 Mahakama ya Juu ikafunga mengi. Walifanya vizuri sana, maana mawe hayohayo ya chokaa ndo yanawatunzia maji watu wa bondeni.