Bledi za jigisoo kwenye plaizi ya mfukoni

Swali kutoka Hombolo, Dodoma

*Mafundi wetu, salamu. Nina plaizi ya zana nyingi aina ya Leatherman Wave, natembea nayo kwenye shamba la zabibu. Msumeno wake umelika meno kwa kupogolea na sasa unasugua tu, haukati. Bledi za jigisoo zinapatikana kwa urahisi mjini. Je, plaizi hii inaweza kurekebishwa ipokee bledi hizo, niwe nabadilisha zikiisha? Nakata pia bomba za plastiki za umwagiliaji.*

Jibu

Inawezekana, na hali ya msumeno wako inarahisisha mambo, kwa kuwa huna cha kupoteza. Msumeno ambao bado ni mzima tusingekushauri uuguse. Anayetaka kununua sasa hivi na anajua atahitaji bledi za kubadilisha, achukue Leatherman Surge, ambayo inatoka kiwandani na kishikizi cha kupokea bledi za jigisoo zenye mkia wa T, yaani wenye masikio mawili pembeni. Wave haina. Ujue pia kwamba dhamana ya miaka 25 ya Leatherman haihusu chombo kilichobadilishwa na mwenyewe.

Jambo la kwanza na kubwa ni kutogusa kisigino cha msumeno, yaani sehemu ya nyuma yenye tundu la ekseli na pembe ambayo kufuli huikamata msumeno ukifunguka. Pembe hiyo ikipungua hata kidogo, msumeno unaweza kujifunga juu ya vidole katikati ya kazi. Ndiyo maana hatushauri kutengeneza kisigino kipya kwa bati nene, ingawa wapo wanaofanya hivyo. Kilichokuja na plaizi kimeshapimwa kiwandani. Wewe kata meno, ubaki na kigutu, na bledi uifunge juu ya kigutu.

Jambo la pili, usijaribu kuikunja plaizi na bledi ikiwa juu yake. Wave ikifungwa ina urefu wa sentimita 10, na bledi ya kawaida ya jigisoo peke yake ni 92 hadi 100 mm. Ukiikata bledi ili iingie ndani, utabaki na meno ya sentimita tatu au nne, na hayo hayapogolei mzabibu. Acha bledi ikae kwenye ala pamoja na bamba la kuibania, na ndani ya plaizi kilale kigutu tu. Kwa njia hii unene wa bamba na nati haukusumbui.

Vifaa: bledi moja ya mkia wa T kwa ajili ya vipimo, bamba la chuma laini unene 1 mm, ukubwa 12 × 26 mm, bolti ya M3 urefu 10 mm, nati ya kipepeo ya M3, msumari wenye kipenyo cha 2.0 mm kilichopimwa kwa venia (kifaa cha kupimia unene), si kwa kukadiria. Biti za kabaidi za 2.0 na 3.2 mm, na diski nyembamba ya grenda ya 1 mm. Bisibisi ya ekseli ni ya kichwa cha nyota, na baadhi ya plaizi zina kijiti katikati ya nyota hiyo, hivyo nunua yenye tundu. Skrubu ikikataa, usiilazimishe. Pasha kichwa chake kwa ncha ya hauya ya kulehemu kwa dakika moja, gundi ya kiwandani italegea.

Fungua, toa msumeno, na upige picha kila washa ilivyokaa kabla hujaigusa. Washa hizo ni nyembamba na mpangilio wake ukikosewa plaizi inabana au inacheza. Kata msumeno ubaki na kigutu cha kama milimita 45 kutoka katikati ya ekseli. Upana wa kigutu uwe angalau 12 mm. Ukiwa chini ya hapo, masikio ya bledi hayatapata pa kushikwa, na itabidi utumie bledi za mkia wa U zenye tundu.

Tupa ya kawaida itateleza juu ya chuma hiki kwa sababu kimekomazwa, hivyo tumia grenda, kwa mguso wa sekunde mbili tatu na kuchovya majini. Kigezo ni vidole: ukishindwa kukishika, umechelewa kuchovya. Wapo watakaokwambia ukipashe mpaka kiwe chekundu kabisa halafu ukiache kipoe taratibu ili kilainike. Kwa chuma cha pua cha visu hilo ni kosa, maana hukomaa kwa kupoa hewani tu. Kitatoka kigumu kama mwanzo au zaidi, na safari hii kimepinda.

Sasa vipimo. Tazama mkia wa bledi: kuna shingo, halafu masikio mawili yanayotokeza pembeni, halafu ncha ya nyuma. Vijiti viwili vya msumari vitakaa mbele ya masikio, kimoja kila upande wa shingo, na bolti itakaa nyuma ya ncha. Ukivuta msumeno, masikio yanagota kwenye vijiti, ukisukuma, ncha inagota kwenye bolti. Bamba lenyewe linazuia tu bledi isinyanyuke. Kwa hiyo:

– katikati ya kijiti hadi katikati ya kijiti: upana wa shingo ongeza 2.2 mm;
– kutoka mstari wa vijiti hadi katikati ya bolti: urefu kutoka uso wa mbele wa masikio hadi ncha ya nyuma, ongeza 2.7 mm.

Hizo desimali ni nusu kipenyo cha kijiti, nusu kipenyo cha bolti, na nafasi ya 0.2 mm ili bledi iingie bila kugongwa. Ukizidisha nafasi hiyo bledi itagonga kila unapobadili mwelekeo, na vijiti vitalegea mapema.

Toboa bamba kwanza. Ni laini, biti ya kawaida inatosha. Kisha libane pamoja na kigutu kwenye jiliwa na ulitumie kama mwongozo wa biti ya kabaidi, matundu yalingane bila kubahatisha. Kabaidi haipindi, inakatika, kwa hiyo drili ya mkono haifai. Tafuta karakana yenye drili ya kusimama, tia oili, na usukume kwa uzito ule ule mpaka itokee upande wa pili. Wengi huvunja biti pale inapokaribia kutokeza, kwa sababu hapo mkono hulegea halafu husukuma ghafla. Weka kipande cha chuma chini ya kigutu.

Tundu la bolti kwenye kigutu liwe 3.2 mm. Panua kidogo midomo ya nyuma ya matundu mawili ya vijiti, kama nusu milimita. Kata msumari, utokeze 2.5 mm mbele na 1 mm nyuma. Upande wa mbele uegemeze kwenye kipande cha chuma chenye tundu la 2 mm lenye kina cha 2.5 mm, kisha gonga nyuma kwa nyundo ndogo mpaka msumari ujae mdomo wa tundu. Sawazisha.

Panua matundu ya vijiti kwenye bamba hadi 2.1 mm, ingiza bolti kutoka juu, na umwombe fundi wa gesi akishike kichwa chake kwenye bamba kwa shaba. Hapa ndipo raha ya mpango huu: vijiti vinazuia bamba lisizunguke, kwa hiyo bolti nayo haizunguki, na nati ya kipepeo inakazwa kwa vidole bila bisibisi wala spana. Beba nati mbili za akiba. M3 ikidondoka kwenye mchanga wa Hombolo huioni tena.

Kuhusu bledi, kumbuka meno ya jigisoo ya kawaida yanaelekea kwenye mkia, maana mashine hukata inapopanda. Mkononi mwako itakata ukivuta. Ukisukuma kwa nguvu utaikunja bure. Kwa matawi ya mzabibu chukua yenye nafasi ya 4 mm kati ya jino na jino (Bosch huiita T144D), kwa bomba za plastiki T101B ya 2.5 mm, na kwa bati T118A ya 1.2 mm. Kwenye kitu chembamba hakikisha meno mawili au matatu yanagusa kwa wakati mmoja, la sivyo jino litanasa ukingoni na kung'oka.

Kabla ya kazi, fungua kigutu, kiegemeze kwenye mbao upande wa mgongo na ukandamize kama unayetaka kukifunga, vidole vikiwa mbali. Kufuli likiachia, usiitumie mpaka upange washa upya. Na kwa kuwa ni zabibu, futa bledi kwa spiriti kutoka mche hadi mche unapokata matawi yenye ugonjwa. Faida ya bledi inayotoka ni kwamba unaweza kuichovya yote.

Swali kutoka Kongwa

*Nilifanya kitu kama hicho, lakini bledi hukatika shingoni kila mara. Nilitoboa mkia wake na kuufunga kwa skrubu moja.*

Jibu

Tundu ndilo linaloikata. Shingo ndiyo sehemu nyembamba, na wewe umeipunguza tena. Isitoshe, skrubu moja huiacha bledi izunguke kidogo, kwa hiyo kila mvuto unakuwa pia mkunjo. Tumia vijiti viwili kama tulivyoeleza hapo juu. Ukilazimika kutoboa, toboa nyuma ya masikio, na uchague bledi ya metali mbili, kwa kuwa mgongo wake unapinda kabla ya kuvunjika. Zile ngumu tupu za kukatia chuma huvunjika bila kukuonya.

Swali kutoka Nkuhungu, Dodoma

*Plaizi yangu inakwaruza ikifunguka, na vumbi haliishi. Nitie mafuta gani?*

Jibu

Usitie mafuta ya kupikia, huganda na kushika vumbi kama gundi. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, ukifungua na kufunga kila zana ndani ya maji mpaka maji yasibadilike rangi. Utomvu wa migunga uloweke kwenye maji hayo hayo ya moto, utalainika. Ianike juani kwa muda wa saa mbili, kisha tone moja la oili ya cherehani kwenye kila ekseli, na ufute inayotoka nje.