Kwa wewe unayeanza utafiti wa alama za saratani ya ubongo

Utakabidhiwa jedwali: upande mmoja jeni, upande mwingine miezi aliyoishi mgonjwa. Usikimbilie hesabu. Kwa kila alama, jiulize kwanza kama inaonyesha mwenendo wa ugonjwa wenyewe au namna ugonjwa utakavyoitikia dawa.

Anza na MGMT. Jeni hii huzalisha protini inayokarabati DNA, kwa hiyo seli ya saratani yenye protini hiyo hufuta kazi ya temozolomidi, dawa inayoharibu DNA ya seli za saratani. Promota yake (sehemu ya DNA inayowasha jeni) ikizimwa na methilesheni (vikundi vya kemikali vinavyojishika kwenye DNA), dawa hupata nafasi. Tazama matokeo ya glioblastoma, saratani kali ya ubongo, yaliyochapishwa mwaka 2005. Kwa wenye methilesheni hiyo, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 21.7 kwa waliopangiwa mionzi pamoja na temozolomidi, na 15.3 kwa waliopangiwa mionzi pekee. (Muda wa kati maana yake nusu yao walivuka hapo, ukumbuke hilo siku utakapoongea na familia ya mgonjwa.) Kwa wasio nayo ilikuwa 12.7 dhidi ya 11.8, tofauti ndogo sana. Basi ukiiweka MGMT kwenye modeli ya kutabiri muda wa kuishi bila kuonyesha mgonjwa alitibiwa vipi, modeli hiyo mimi siiamini.

IDH, jeni nyingine, ina mambo yake. Mwenye mabadiliko ya jeni hii kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi. Kimeng'enya cha jeni hiyo iliyobadilika huzalisha kemikali ya 2-hidroksiglutareti, nayo huzuia vimeng'enya vya TET vinavyosaidia kuondoa methilesheni, ndipo methilesheni inapolundikana sehemu nyingi za DNA. Kwa hiyo usihesabu IDH na mlundikano huo kama mashahidi wawili wasiojuana.

Halafu angalia mwaka wa utambuzi. Katika uainishaji wa WHO wa 2021, uvimbe wenye mabadiliko ya IDH hauitwi tena glioblastoma. Data za zamani zimewachanganya wagonjwa hao, na ukizitumia zilivyo utapata utabiri mzuri kuliko hali halisi.

Uliza pia kipimo kilichotumika. Kingamwili ya R132H, protini ya maabara inayonasa badiliko lenye jina hilo, huona badiliko hilo moja tu la IDH1 (aina moja ya IDH). Jibu hasi kwa mgonjwa kijana lifuatiwe na usomaji wa mfuatano wa jeni. Na kabla sampuli haijasagwa, mwombe mwanapatholojia akuonyeshe kwenye hadubini ni sehemu gani yenye seli za saratani. Tishu isiyo na saratani ikiwa nyingi, methilesheni ya uvimbe hufifia, nawe utaandika "hakuna" mahali ilipokuwepo.