Mnaoanza biashara ya samaki Feri, sikilizeni kwanza habari ya jodari

Juzi hapa Feri, soko letu la samaki Dar es Salaam, kijana katoka mnadani na jodari watatu wazuri kweli. Kawatia kwenye salfeti, salfeti kaifunga kwenye bodaboda, bodaboda kaiacha juani, naye yuko pembeni anapiga picha za status ili wateja wa Sinza waone mzigo umeingia. Nikamuuliza barafu iko wapi. "Mama, hawa ni wa leo leo!"

Jibu hilo nimelisikia kwa kila kundi jipya linaloingia hapa sokoni, na mwaka huu mmezidi. Basi nawaandikia, kwa mapenzi lakini pia kwa sababu mnanichosha. Mnada mnaujua, ushuru mnaujua, na watu wa mali kauli mnawajua kwa majina. Huko sirudi.

1. Samaki wa Feri unamnunua kwa jicho, unamuuza kwa mizani. Kabla hujapandisha bei kwenye fungu au tenga, kisia kilo kimoyomoyo, halafu ukishanunua pima. Fanya hivyo kila siku mpaka jicho likomae. Na kama mteja anataka fileti ya changu, kumbuka kichwa na mifupa vikitoka, kinachobaki hakifiki nusu ya ulichokipima. Nimeona watu wanapanga bei ya fileti kwa kuongeza elfu mbili tatu juu ya bei ya samaki mzima, halafu jioni wanashangaa pesa zimekwenda wapi. Zimekwenda kwa anayenunua vichwa vya supu.

2. Angalia mwezi kabla ya kuahidi. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikitanda, taa ya boti haina kazi na wavuvi wengi wanalala. Pweza anapatikana zaidi bamvua, maji yanapotoka mbali na watu wanaweza kutembea kwenye miamba. Kusi ikichachamaa, ngalawa na boti ndogo hazitoki, na bei inapanda bila kukuomba ruhusa. Kuna mdogo wangu aliahidi mgahawa dagaa wabichi kila siku, kila wiki. Nikamwambia muulize babu yako wa Kunduchi. Akasema babu hana simu janja.

3. Barafu. Hapa naomba mkae chini.

Daraja la Tanzanite, ambalo lilifunguliwa 2022, lilikuwa bado halijajengwa. Ukitoka Feri kwenda Masaki, njia ilikuwa daraja la Selander, na Selander ilikuwa foleni. Nilikuwa nimepata oda ya hoteli moja huko, jina silitaji, ya jodari wa kuchoma kwa chakula cha mchana. Oda yangu ya kwanza ya hoteli. Nilishajitangaza kwa ndugu wote.

Asubuhi hiyo boti zilichelewa. Jodari walipofika wakawekwa sakafuni wakati dalali anabishana na wenye boti, na mimi nikasubiri bei ishuke, kwa sababu nilijiona mjanja. Bei ikashuka kweli. Jua nalo likapanda. Nikapiga hesabu: samaki ni wa leo, analiwa leo, barafu ya nini? Hela ya barafu nikaongezea samaki mmoja. Nikawafunika magunia mabichi kwenye buti ya teksi, tukaingia kwenye foleni.

Hotelini mpishi mkuu akawakagua. Macho maangavu, mashavu mekundu, nyama imekaza, harufu ya bahari tu. Akasaini. Nikarudi nyumbani naimba.

Jioni simu. Wageni kadhaa waliomla jodari wamewiva nyuso, wanawashwa mwili, vichwa vinagonga, mmoja moyo unamwenda mbio. Mpishi mkuu anauliza, samaki huyu umemtoa wapi? Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: samaki wangu umemkagua mwenyewe, angalieni jikoni kwenu, angalieni viungo vyenu na wapishi wenu. Nikaongea sana. Mtu asiyejua huwa na maneno mengi. Nikasikia baadaye kwamba kijana aliyekuwa kwenye jiko la kuchomea amesimamishwa kazi.

Mimi nilikuwa nimebakiza kipande cha jodari yuleyule, nimekiweka kwenye friza. Kesho yake nikakipika, kikaiva hasa, ili nimwonyeshe dada yangu kwamba nimeonewa. Tulipoanza kula, ulimi ukawa unachoma kama pilipili wakati pilipili sikutia. Haikupita saa, dada yangu akaniangalia akasema, "Mbona umekuwa mwekundu hivyo?" Naye shingo yote mabaka.

Ofisa uvuvi mmoja, msomi wa chuo cha uvuvi cha Mbegani, ndiye aliyenifungua macho, na hakunibembeleza. Jodari, vibua, sehewa, nguru na hata dagaa wana kitu kwenye nyama yao ambacho bakteria, samaki akikaa kwenye joto, wanakigeuza kuwa histamini. Ikishatengenezwa haiondoki. Haiuawi na moto, haiuawi na friza, haitoki kwa ndimu. Na samaki anaweza asinuke kabisa. Macho yake yanaweza kuwa maangavu yakikutazama. Kwa hiyo swali la kumuuliza dalali siyo "ni wa leo?" Muulize amekaa wapi tangu alipotoka majini, na kwa muda gani.

Nilielewa siku hiyohiyo. Kilichobaki ni kwenda kusema, na sikwenda. Nilikaa kimya siku kadhaa nikijiambia mambo yatapoa, oda itarudi. Nilipokwenda hatimaye, nikamwambia mpishi mkuu ukweli wote pale mlango wa nyuma, akanisikiliza, akasema kijana ameshaondoka, amerudi kwao Tanga. Namba yake niliyopewa haikupatikana. Oda haikurudi, na haikustahili kurudi. Mpaka leo nikiona mtu analaumu jiko kabla hajaulizwa, najua anaficha kitu.

Sasa utaratibu, maana najua mnasubiri huo tu: barafu iliyosagwa, kilo kwa kilo na samaki, tabaka chini, samaki, tabaka juu, deli liwe na tundu la kutolea maji, mzigo ukae chini ya nyuzi 4. Anza pale pale unaponunua, usingoje ufike dukani, kwa sababu barafu inazuia tu. Haifuti yaliyokwisha kutokea. Na msioshe samaki kwa maji ya hapo bandarini, jamani, mnaona wenyewe yanavyofanana. Soko hili tulijengewa kwa msaada wa Japani, watu wanaomla jodari mbichi, na sisi bado tunamburuza sakafuni.

4. Samaki wa baruti. Uvuvi wa kulipua baruti majini umepungua sana siku hizi, lakini haujaisha. Tumbo limelegea, ukimpasua ndani kumevurugika na kuna damu, uti wa mgongo umevunjika wakati ngozi nje haina alama ya wavu wala ndoana. Mwacheni hata akiwa bei ya bure. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake zinamgusa hadi anayeuza, siyo mvuvi peke yake, na "sikujua" haijawahi kumsaidia mtu. Wenye ndoto za kuuza nje ndiyo wanisikilize zaidi: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu, na waliovua kihalali wakaumia pamoja na waliotia sumu. Soko likikuchoka halichagui.

5. Mnaotaka kufuga sato huko Kigamboni na Bagamoyo: chakula kitameza zaidi ya nusu ya gharama zenu, na msiwalishe siku moja kabla ya kuvuna.

6. Hoteli inalipa baada ya siku 30, ikiwa na moyo mzuri. Dalali anataka yake leo. Katikati ya hao wawili ni mtaji wako, na ndiyo maana wengi wenu mnapotea sokoni mwezi wa tatu tangu muanze, mkidhani mmerogwa. Usipeleke mzigo bila LPO, ile oda ya maandishi kutoka hotelini. Nina rafiki alipeleka kamba kwa neno la simu tu, "leta, tutamalizana." Meneja akahama. Mpya akamwambia hamjui yeye wala kamba wake. Alikwenda kudai mpaka walinzi wakawa wanamkaribisha chai, akazoeana na mmoja, wakaoana. Deni halijalipwa. Watoto wana afya.

7. Wapara samaki waheshimuni na muwalipe bila kubishania mia mbili. Wao ndio wanaofungua matumbo kutwa nzima, wanajua boti ipi imekuja na barafu na ipi imekuja na hadithi. Mimi kabla sijasimama mnadani huwa napita kwao kwanza, nasalimia, nauliza hali za nyumbani, na mara nyingi naambiwa bila hata kuuliza: "Leo jodari mwache, mama. Chukua changu."