Chakula cha msaada wakati wa mgomo

Kamwene dada. Umeuliza kama serikali inatoa chakula kwa familia za wachuma chai wanaogoma huku Mufindi, maana umesikia Marekani wanatoa. Hata huko siyo hivyo. Tangu 1981 sheria yao inasema kaya yenye mgomaji haipati stempu za chakula, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula, isipokuwa ilikuwa na sifa kabla mgomo haujaanza, na hata hiyo haiongezewi kwa sababu mshahara umekatika. Mahakama Kuu yao iliikubali sheria hiyo 1988. Naona ni ukatili, mtoto hajagoma.

Kwetu Tanzania hakuna fungu la wagomaji. TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, inaangalia umaskini wa kaya, basi.

Ila shika hili: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mgomo ukiwa halali, mwajiri halazimiki kulipa mshahara wa siku hizo, lakini kama nyumba na chakula ni sehemu ya malipo yenu, haruhusiwi kuvikata. Uwe halali kweli: usuluhishi kwanza, kura, kisha notisi ya saa 48.

Mama yangu alichuma chai. Waligoma bila notisi, posho ya unga ikasimama. Jioni alikuwa anapima unga kwa kikombe cha chai, vikombe vitatu kwa watu saba, kisha anakung'uta mfuko juu ya sufuria. Mwulizeni katibu wa chama tawi lenu leo, kabla hamjaweka vikapu chini.