Jibu: Wasomaji wanatoweka sehemu ya 11

Habari ndugu. Umesema riwaya yako ya mahaba ina sehemu 40, kumi za mwanzo unazitoa bure WhatsApp, na ukianza kudai malipo kwa sehemu ya 11 wasomaji wanatoweka.

Kabla ya kugusa bei, angalia sehemu ya 10 inaishia wapi. Kama wapenzi wameshalala pamoja, msomaji ameshiba. Ikate wakiwa bado mlangoni, simu ya mume inaita. Joto la riwaya hizi liko kwenye kucheleweshwa, siyo kutaja viungo vya mwili. Tena kutaja kupita kiasi ni hatari: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 14, inakataza kusambaza ponografia.

Halafu acha kuuza sehemu mojamoja, makato ya kutuma pesa yanamchosha mnunuzi. Uza 11 hadi 40 kwa malipo ya mara moja, PDF yenye jina la mnunuzi kila ukurasa. Haizuii wizi, ila utajua nani kavujisha.

Ukifikia kuchapa kitabu pale Kariakoo, namba ya ISBN, yaani ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Karatasi kubwa ya mtambo mara nyingi hukunjwa kuwa kurasa 16, kwa hiyo idadi ya kurasa igawanyike kwa 16, la sivyo unaweza kulipia kurasa tupu.